Gitaa si la mtu mmoja, Mhariri

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na samahani mapema kama itakuwa ndefu, maana hili jambo limenikaa moyoni tangu nisome ile makala yenu ya muziki iliyosema kwamba gitaa la klasiki ni chombo cha mpweke, mtu mmoja na kiti chake na kistuli cha kuwekea mguu, na kwamba makundi ya magitaa huwa hayadumu kwa sababu kila mpiga gitaa anataka asikike yeye. Nimeisoma mara tatu. Mwandishi wenu anaandika vizuri na sina ugomvi naye, lakini hapo kakosea, na kakosea mahali ambapo kuna watu wamekaa jukwaani pamoja zaidi ya miaka 60. Siwezi kunyamaza.

Nazungumzia ukoo wa Romero. Wapenzi wa gitaa wanawajua, ila wasomaji wengi nadhani hawajawahi kuwasikia kabisa, kwahiyo nianze mwanzo.

Mzee Celedonio Romero alizaliwa mwaka 1913 kule Cienfuegos, Cuba, wazazi wake Wahispania wakiwa safarini, alafu akakulia Málaga, kusini mwa Hispania, yaani Andalusia kwenyewe ambako flamenco, ule muziki wa gitaa, kuimba na kucheza, imeota mizizi. Akaoa, mkewe anaitwa Angelita, wakapata watoto watatu wa kiume: Celin, Pepe na Ángel. Wote watatu walifundishwa gitaa na baba yao, hapohapo nyumbani, hawakutafutiwa mwalimu mwingine. Wakati huo nchi iko mikononi mwa dikteta Franco na maisha ya msanii yalikuwa ya kubanwa, na mwaka 1957 familia ikahama, ikaenda kuanza upya California, Marekani. Miaka mitatu baadaye, 1960, baba na wanae wakaanzisha kwateti ya magitaa, yaani kundi la wapigaji wanne. Hebu piga hesabu hapo: Celin ana miaka ishirini na kitu, Pepe ana 16, na Ángel hajafika hata 15. Huyo wa mwisho ni mtoto kabisa, na anakaa mstari mmoja na baba yake kama mwenzake wa kazi!

Na hapa lazima nieleze kidogo ugumu wa hiyo kazi maana ndo kiini cha barua yangu, na naona makala ilipita juu juu. Watu wanadhani magitaa manne ni gitaa moja mara nne, sauti inaongezeka basi. Hapana. Mpiga fidla ana upinde, anaweza kuingia na sauti taratibu, akaikuza, akaibeba mpaka mwisho wa pumzi, hata akichelewa kidogo kuingia sikio halimkamati. Gitaa halina huruma hiyo. Ukishadonoa uzi, sauti inazaliwa na kuanza kufa palepale, sehemu yake kubwa kabisa ni ule mwanzo wenyewe, kwahiyo watu wanne wakitakiwa kudonoa noti moja kwa pamoja na mmoja akachelewa hata kidogo sana, kila mtu ukumbini anasikia ule mgongano, kama mtu amemwaga kokoto. Na hakuna kondakta, yaani mwongoza okestra, mbele yenu. Unasikiliza pumzi ya mwenzako, unatazama bega lake, unatazama mkono wa kulia unavyonyanyuka. Mpaka kucha zina kazi, kwasababu kila mtu anazichonga kivyake na kucha tofauti inatoa sauti tofauti, mmoja anasikika kama kioo na mwingine kama pamba, sasa muda mwingi unapita mnatafuta kufanana kabla hata hamjaanza kutafuta wimbo.

Alafu kuna hili lingine. Kwateti ya kawaida ya nyuzi ina fidla mbili, viola na cello, kila mmoja ana chumba chake, juu, katikati, chini. Magitaa manne yote ni chombo kilekile, yanaishi chumba kimoja. Waliozoea bendi watanielewa haraka nikisema kwamba kule kila mtu anajua njia yake, huyu solo, huyu sekondi solo, huyu rizimu, huyu bezi, na wakivamiana muziki unakuwa tope. Kwenye klasiki magitaa yote manne ni ya aina moja bila bezi wala nini, kwahiyo hiyo njia lazima mtu akae chini aiandike kwenye karatasi, noti kwa noti, nani apite juu, nani akae katikati, nani anyamaze. Hasa nani anyamaze.

Mimi nalijua hili kwa mwili wangu, Mhariri. Miaka ya nyuma tulikuwa wanne, tunapiga magitaa ya nyuzi za nailoni, tunafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, na nafasi yangu ilikuwa gitaa la tatu. Gitaa la tatu ni kiti ambacho hakuna mtu anakigombania. Hubebi wimbo, huna zile bezi za kutikisa kifua, wewe unajaza katikati, noti mbili hapa, noti moja pale, mara nyingi kwenye lile pigo ambalo msikilizaji halihesabu. Miezi ya kwanza niliumia sana nikaona nimewekwa pembeni. Alafu siku moja tukarekodi mazoezi kwa simu, nikachelewa kufika, wenzangu wakaanza watatu bila mimi, na tuliposikiliza ile rekodi baadaye nikasikia shimo. Wimbo ulikuwepo, bezi ilikuwepo, lakini katikati hakuna kitu, kama nyumba yenye paa na msingi bila kuta. Tangu siku ile sijawahi tena kuona gitaa la tatu ni dogo. Lile kundi letu lilivunjika mwenzetu mmoja alipohama, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumtafuta mtu mwingine akae pale. Tuliona kiti ni cha yule mtu, akiondoka na kiti kinaondoka.

Romero hawakuona hivyo, na hapo ndipo nataka mwandishi wenu aangalie vizuri.

Mwanzoni tatizo lao kubwa lilikuwa ni kupiga nini, maana karibu hakukuwa na muziki ulioandikwa kwa magitaa manne na okestra, sanasana ilikuwa ni kuchukua kazi za vyombo vingine na kuzipanga upya wenyewe. Wangeweza kuishi hivyohivyo. Lakini wakamwendea Joaquín Rodrigo. Huyu ndiye aliyetunga ile konsato (kazi ndefu ambayo chombo kimoja au vichache vinapiga mbele ya okestra) maarufu kuliko zote za gitaa, ya mwaka 1939, na inafaa wasomaji wajue kwamba alikuwa haoni tangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa anaandika noti zake kwa Braille, yale maandishi ya wasioona, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, alikuwa mpiga piano. Mtu huyo akawaandikia Romero konsato ya magitaa manne na okestra, akaiita Concierto Andaluz, yaani konsato ya Andalusia, kwa nyumbani kwao kule walikotoka. Ikapigwa kwa mara ya kwanza San Antonio, Texas, Novemba 1967, na okestra ya mji huo chini ya Victor Alessandro, na wakairekodi kwa kampuni ya Mercury.

Naomba wasomaji wakaisikilize, siyo lazima uwe mtaalamu. Sehemu ya kwanza ina mwendo wa bolero, ngoma ya Kihispania, magitaa yanaingia yote kama watu wanaotoka mlango mmoja bila kukanyagana, na ukisikiliza kwa makini utaona wimbo hauna mwenyewe, unaanza kwa huyu unamalizikia kwa yule. Ile ya katikati, adagio, yaani ya mwendo wa polepole, ndo huwa inanishinda, pale okestra inapopungua mpaka unabaki na magitaa peke yake. Nimesikiliza rekodi yao ya Mercury na ile waliyokuja kuifanya baadaye na kondakta Neville Marriner, na kwa maoni yangu ile ya zamani ina moto zaidi, ya pili imenyooka zaidi na imerekodiwa vizuri zaidi ila mimi nabaki na ya kwanza. Mtunzi mwingine mkubwa wa Hispania, Federico Moreno Torroba, naye akaja kuwaandikia konsato yao. Kwahiyo muziki ambao haukuwepo ukaanza kuwepo, kwasababu tu kulikuwa na kundi lililokaa pamoja muda wa kutosha mpaka watunzi wakaamini kwamba wakiandika kuna watu wa kupiga.

Sasa turudi kwenye ile hoja ya makala, kwamba kila mmoja anataka asikike yeye. Ni kweli wanataka! Ángel mwaka 1964, akiwa bado kijana mdogo wa miaka 17 au 18, alisimama peke yake na okestra pale Hollywood Bowl, Los Angeles, akapiga ile konsato maarufu ya Rodrigo. Pepe ana rekodi nyingi za peke yake ambazo wanafunzi wa gitaa wanazisikiliza mpaka leo. Hawa hawakuwa watu waliojificha kwenye kundi kwasababu peke yao hawawezi. Na konsati zao walizipanga hivyo, mmoja anatoka peke yake, kisha wawili, kisha wote wanne, kwahiyo usiku huohuo mtu anakuwa mfalme kwa dakika kumi alafu anarudi kujaza katikati kwa kaka yake. Mwandishi wenu kaona ile nusu ya kwanza tu.

Mwaka 1990 Ángel akaondoka, akaenda kufanya mambo yake ya peke yake na ya kuongoza okestra. Hapa ndo kundi letu sisi lingekufa. Pale akaingia Celino, mtoto wa Celin. Na mwaka 1996 likaja kubwa zaidi, mzee Celedonio mwenyewe akafariki, kule San Diego, akiwa na miaka 83. Baba, mwalimu, mwanzilishi, jina la kundi. Ungedhani hapo wangefunga masanduku ya magitaa na kila mtu angewaelewa. Kiti cha mzee kikakaliwa na Lito, ambaye ni mtoto wa Ángel, yuleyule aliyekuwa ameondoka. Kwahiyo ikawa kaka wawili, Celin na Pepe, na watoto wa kaka wawili. Sijui kwa wengine, lakini mimi nikifikiria konsati ya kwanza baada ya msiba, huyo kijana anakaa mahali alipokuwa anakaa babu yake, na baba zake wakubwa wawili wako pembeni yake wanasubiri avute pumzi ili waanze, nasisimka.

Najua jibu litakalokuja, kwamba hao ni ndugu wa damu, ukoo unafungwa na vitu vingi zaidi ya muziki, kwahiyo mfano wao hauwahusu wengine. Ni jibu zuri na nimelifikiria. Kwahiyo ngoja nilete wasio ndugu.

Mwaka 1980, Chuo Kikuu cha Southern California, wanafunzi wanne wa gitaa waliunganishwa wakawa kwateti, na mwalimu wao hapo chuoni ni nani? Pepe Romero. Wanafunzi wenyewe walikuwa Anisa Angarola, John Dearman, William Kanengiser na Scott Tennant, na hilo kundi ndilo baadaye dunia imelijua kama Los Angeles Guitar Quartet. Hawana undugu, kila mtu na kwao. Mwaka 1990 Angarola akatoka akaingia Andrew York, mwaka 2006 York naye akatoka akaingia Matthew Greif, na miaka ya karibuni Greif akampisha Douglas Lora kutoka Brazili. Watatu wa mwanzo wako palepale tangu wakiwa wanafunzi, na kiti kimoja kimekaliwa na watu wanne. Kila aliyekuja alikuja na kitu chake, York kwa mfano ni mtunzi na nyimbo zake zikawa sehemu ya kundi, na kundi halikumwambia Greif sasa wewe uwe York.

Na hawa kwa kweli wamelitatua lile tatizo la chumba kimoja nililosema hapo juu kwa namna inayonifurahisha sana. Dearman anapiga gitaa la nyuzi saba badala ya sita, kwahiyo kundi linapata ngazi za chini zaidi, yaani nyuzi 25 jukwaani na siyo 24, na huo uzi mmoja tu unabadilisha nyumba nzima. Pia wanabadilisha sauti ya gitaa lenyewe, wanaweka vitu kwenye nyuzi mpaka magitaa manne yanasikika kama zile gongo za kupigwa za Indonesia, unafumba macho unashindwa kuamini kwamba hapo mbele yako kuna mbao na nailoni tu. Mwaka 2005 walipata tuzo ya Grammy kwa albamu yao ya Guitar Heroes, ambayo ni shukrani kwa wapiga gitaa wa kila aina siyo wa klasiki peke yao, na Pat Metheny, mpiga gitaa la jazi ambaye hahitaji kutambulishwa, akaja kuwatungia kazi ndefu yenye sehemu sita. Miaka thelathini na kitu baada ya kuanza, bado mtu mkubwa anaona inafaa kukaa miezi akiwaandikia! Kundi lisilodumu haliandikiwi kitu kama hicho.

Kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu hasa. Hao wa Los Angeles walirekodi albamu na Okestra ya Delaware, ikiwa na kazi mbili. Moja ni mpya, waliandikiwa wao, na mtunzi Sérgio Assad wa Brazili. Ya pili ni Concierto Andaluz. Ileile. Ile ambayo Rodrigo aliwaandikia baba na wanae watatu mwaka 1967, na mmoja wa wale wana, ambaye siku ile San Antonio alikuwa na miaka 23, ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa hawa. Nimeziweka rekodi mbili nikazisikiliza moja baada ya nyingine, ya Romero na ya wanafunzi. Wa pili ni wasafi zaidi, kila noti iko mahali pake, hawapepesuki. Wa kwanza wana kile kitu cha nyumbani, wanavyoingia kwenye bolero unajua hawa hawakuhitaji kuhesabu. Nimejaribu kuchagua nimeshindwa. Lakini nilichosikia kwa uhakika kwenye rekodi zote mbili ni gitaa la katikati, lile linalojaza, na ni zito sehemu zote mbili, halijapunguzwa hata kidogo.

Kwahiyo ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kwanza mrekebishe ile sentensi, maana kuna vijana wanasoma gazeti lenu na wana magitaa nyumbani, wakiambiwa hiki ni chombo cha mpweke watakaa nacho chumbani peke yao miaka kumi, kama nilivyokaa mimi kabla sijapata wenzangu, na huo ni muda ambao haurudi. Pili, kwenye kurasa zenu za muziki kila wiki mnatupa mahojiano na mtu mmoja, nyota, kapigwa picha peke yake. Siyo mbaya. Ila wiki moja moja mtutafutie kundi lililokaa miaka ishirini au thelathini, popote lilipo na la muziki wowote, na msimuulize kiongozi tu, muulizeni yule wa pembeni ambaye jina lake halipo kwenye tangazo, muulizeni alipoondoka mwenzao walimpataje aliyefuata, walikaa naye mazoezini muda gani kabla ya kupanda naye jukwaani, nani alimwonyesha nyimbo za zamani, na kama walibishana kumpokea walibishana kuhusu nini. Hayo ndo maswali ambayo mimi ningekuwa nimeyasoma mapema ningejua la kufanya siku ile mwenzetu alipofunga mizigo.

Alipohama aliniachia zile karatasi za gitaa la kwanza, kwenye bahasha ya kaki, ameziandika kwa penseli alama zote za pumzi tulizokubaliana. Bado ninazo. Wenzangu wengine wawili bado wanapiga, mmoja nilimpigia simu jana usiku baada ya kumaliza kuandika nusu ya barua hii, akaniuliza swali moja tu: nani atakaa pale? Nikamwambia sijui, ila safari hii tutafute.

Ni mimi msomaji wenu,
mpiga gitaa la tatu